Tundu la piroflaiti hupanuka au hubana likichomwa?

Fundi anayekutana na piroflaiti, jiwe laini la madini ya alumini linalokerezwa kisha kuchomwa liwe gumu, kwa mara ya kwanza karibu kila mara huniuliza swali hili, na wengi huwa wamekwisha kujijibu: jiwe likivimba tanurini, tundu litabana. Sivyo. Kipande kizima hukua, na tundu hukua nacho. Ukuaji huo kwa kawaida ni kama asilimia 2, kwa hiyo tundu la milimita 10 hutoka likiwa na takribani 10.2. Ukitaka kipande cha milimita 50 baada ya kuchoma, gawanya 50 kwa 1.02, ukikereze kiwe 49.02.

Hiyo asilimia 2 ni ya kuanzia tu. Jiwe hili lina matabaka, na ukuaji wa kufuata tabaka haulingani na ule wa upande unaolikata. Mimi hukata kijiti kutoka bonge lilelile, nakipima, nakichoma, nakipima tena, ndipo naandika vipimo vya kazi yenyewe. Anayeruka hatua hii anacheza bahati nasibu.

Kabla ya moto, piroflaiti ni laini kiasi cha kukwaruzwa kwa kucha. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, ni kati ya 1 na 2. Mashine za kawaida za karakana ya chuma zinatosha, ingawa visu vya kabaidi, vilivyo vigumu kuliko vya chuma, hudumu zaidi. Kata ikiwa kavu. Mafuta ya kupozea hunyonywa na jiwe, kisha huungua ndani yake. Keekee ikikaribia kutokea upande wa pili, punguza mkono na uegemeze kipande kwenye ubao, maana kingo za tundu hubanduka hapo. Nyuzi za skrubu ziwe pana, nyembamba humeguka. Kona kali zote zivunje kidogo kwa msasa. Ukimaliza kuchoma, ugumu hufika karibu 6 na marekebisho yatakudai zana za almasi, kwa hiyo yamalize mapema.

Sasa moto. Ndani ya muundo wa madini haya kuna maji, karibu asilimia 5 ya uzito, yasiyokauka kwa kuanikwa. Hutoka kwa wingi jiwe likiwa kati ya nyuzi 500 na 800 za Selsiasi. Ukiharakisha, mvuke hukosa njia na kipande hupasuka, hasa kile kinene. Mimi sizidi nyuzi 150 kwa saa mpaka nifike 1,010 hadi 1,090, nakaa hapo muda wa kutosha moto uingie hadi kiini, halafu nazima na kuuacha mlango umefungwa. Hufunguliwa tanuri likishuka chini ya 100.

Kuna kazi zinazohitaji jiwe bichi, yaani lisilochomwa. Mkemia Tracy Hall alipotengeneza almasi huko kampuni ya General Electric, Marekani, mwaka 1954, piroflaiti ndiyo iliyoziba na kupitisha shinikizo ndani ya mtambo wake. Ulaini huo ndio aliouhitaji.

Talki, jiwe jingine laini, pia hukerezwa ikiwa bichi na kuchomwa, lakini ni madini ya magnesi, na asilimia 2 haihamii huko. Ipimie kijiti chake. Kwa yote mawili, vuta vumbi kwa mashine na uvae barakoa ya chujio, kwa sababu mawe ya asili mara nyingi huwa na kwatzi ndani, na vumbi lake hudhuru mapafu.