Picha ya pili ya kongosho

Mgonjwa ana miaka sitini na kitu, macho yamegeuka manjano, tumbo haliumi sana. Kwenye CT, yaani picha za eksirei za kompyuta, naona kichwa cha kongosho kimevimba na kuubana mrija wa nyongo. Sisi wasoma picha hufikiria saratani kwanza, na ni sawa kabisa. Ila mara chache huwa ni kinga ya mwili inayoishambulia kongosho yenyewe.

Hapo natafuta alama zake. Kongosho yote imejaa kama soseji, mikunjo ya pembeni imefutika, nayo imezungukwa na utepe mwembamba wa kiza. Kwenye MRI, picha ya sumaku, mrija wa kongosho umesinyaa kwa kipande kirefu, lakini nyuma ya hapo haukutanuka sana. Saratani kwa kawaida huuziba mrija, ukajaa nyuma kama mfereji uliowekewa jiwe.

Mwaka 2001 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kingamwili ya IgG4 hupanda kwenye damu ya wagonjwa hawa. Kipimo hicho kinasaidia, lakini hata kwa baadhi ya wenye saratani IgG4 hupanda kidogo. Kwa hiyo, saratani ikishatafutwa kwa sindano ya kuchukua kipande cha kongosho isionekane, mgonjwa huweza kupewa prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili, mara nyingi miligramu 30 hadi 40 kwa siku, kisha baada ya wiki mbili anarudi kwangu.

Picha hiyo ya pili ndiyo ninayoihangaikia. Mgonjwa kusema anakula vizuri hakunitoshi, maana steroidi humfungulia hamu ya kula karibu mtu yeyote. Nataka kuona uvimbe umepungua waziwazi na mrija umefunguka. Visipobadilika, tunarudi kwenye saratani siku hiyohiyo, bila kuongeza wiki nyingine za vidonge. Na hata uvimbe ukinywea, sindano ile ilikuwa ya lazima: limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, nayo hunywea kwa steroidi.

Baadaye napendelea MRI, kwa kuwa haina mionzi na ufuatiliaji ni wa miaka. Ugonjwa huu hupenda kurudi dozi ikishushwa, pengine kwenye mirija ya nyongo au figo, kwa hiyo siangalii kongosho peke yake.

Ukihamishiwa hospitali nyingine, omba CD ya picha zako za mwanzo, zile za kabla ya kidonge cha kwanza. Ripoti ya karatasi itaniambia kongosho ilikuwa imevimba. Kupima imepungua milimita ngapi nahitaji picha zenyewe.