Mdoli wa kumtuliza bibi mwenye dimensia: maswali ninayoulizwa sana

Mi ni fundi cherehani hapa Moshi, nashona midoli yenye ukubwa wa kichanga kwa ajili ya wazee wenye dimensia, ule ugonjwa wa kusahau. Maswali yanakuja yaleyale, basi nayajibu hapa.

Dimensia si uzee tu?

Hapana jamani. Bibi kuchanganya majina ya wajukuu ni kawaida, ila akianza kuuliza babu aliyefariki miaka mingi kwa nini hajarudi shamba, au akapotea njia ya kwake mwenyewe, huo ni ugonjwa wa ubongo, na aina inayowapata wengi zaidi inaitwa Alzheimer. Sio kurogwa. Na wala sio ugonjwa wa wazungu, pale wilaya ya Hai, hapahapa Kilimanjaro, watafiti walipima wazee wa miaka 70 kwenda juu mwaka 2009 na 2010 wakakuta kama 6 katika kila 100 wanao.

Sasa mdoli unasaidia nini?

Hauponyi, hilo niseme mapema. Nilivyoanza mimi ni hivi, bibi yangu kila ikifika saa kumi na moja jioni alikuwa anaanza kuzunguka uani, anataka kwenda kwao wakati yuko kwake, anasema watoto wanalia njaa, ukimwambia watoto wako wameshazeeka anakuwa mkali kabisa. Siku moja nikamkuta kakunja khanga kaifanya furushi, kaipakata kifuani, anaipigapiga mgongoni taratibu, na ametulia tuli. Nikaelewa kwamba mikono yake inakumbuka kazi ambayo kichwa kimeshasahau. Tafiti zilizopo ni ndogo, ila zinaonyesha baadhi ya wazee wanapunguza wasiwasi na kuhangaika, wengine hata maneno yanarudi. Baadhi, sio wote. Na wapo wababa pia wanaopenda kupakata.

Unautengenezaje?

Nje huko wanatengeneza ya vinyli, yaani plastiki laini, inayofanana na mtoto hasa, rangi inapakwa tabaka kwa tabaka na kuokwa ili ishike, nywele zinachomekwa mojamoja na sindano, ni kazi nzuri lakini bei yake hapana. Mi natumia kitambaa cha tisheti ya pamba rangi ya ngozi yetu, ndani najaza pamba ya mito, sufi sipendi kwa sababu ukifua inashikana mabonge. Siri yote ipo kwenye uzito. Mdoli mwepesi mzee anautupa pembeni. Naosha mchanga laini, naukausha kabisa, nautia kwenye vifuko vilivyoshonwa mara mbili, kimoja kichwani kingine makalioni, jumla kama kilo moja na nusu, alafu shingo naiacha ilegee kidogo. Ukiubeba tu mkono wako wenyewe unakwenda chini ya shingo, hapo ndipo unaona uso wa bibi unabadilika. Usiweke mchele wala maharage, utaleta panya na wadudu.

Macho nadarizi kwa uzi, sibandiki vifungo maana mzee anaweza kung'oa akameza. Na nayaacha wazi, ya kufumba kuna mzee atadhani mtoto amekufa. Usiweke kifaa cha kulia, kitamtesa. Nguo nunua za mtumba za kichanga, fua kwanza.

Nampaje?

Usimtupie mapajani ukasema haya mtoto wako huyo. Uweke kwenye kiti anachokiona halafu kaa kimya. Akiuchukua, mfuate yeye: akisema mtoto, ni mtoto, akisema mdoli, ni mdoli. Muulize "anaitwa nani?" umwache ajibu. Akiukataa usilazimishe, na akishaupenda usimnyang'anye ghafla. Wajukuu wakatazwe kucheka.

Si kumfanya bibi mtoto mdogo?

Hili linaniumiza nikiulizwa kwa sababu naelewa uchungu wake, mama yako aliyekulea umkute na mdoli. Ila yeye hajageuka mtoto, yeye hapo ni mama, anafanya kazi ya mama, na shikamoo yake iko palepale.

Nani asipewe?

Aliyefiwa na mtoto mchanga mchunguze sana, unaweza kumfungulia kidonda. Ukiona anaunyima usingizi mwili wake kwa kubembeleza, au chakula chake chote anaulisha mdoli, punguza taratibu. Na mzee aliyebadilika ndani ya siku mbili tatu tu, amechanganyikiwa ghafla, huyo hahitaji mdoli, mpeleke hospitali haraka, inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia, hata dawa anazomeza.

Kuufua je?

Mkojo na mate havikwepeki, kwa hiyo fumua mgongoni, toa vifuko, fua kwa sabuni, kausha mpaka ndani. Nashona miwili inayofanana, mmoja ukifuliwa mwingine yuko naye. Ule wa kwanza niliuanika kwenye kamba, umebanwa vibanio mikononi, bibi akatoka akauona, alilia mpaka nikashindwa kumtuliza. Sasa hivi nafua akiwa amelala, naulaza kwenye ungo juani nyuma ya jiko, nafunika na kitenge chepesi.