Upembuzi yakinifu ni nini kwa anayetaka kufungua kituo cha watoto Malindi?

Kupembua ni kazi ya uteo: unautikisa mpaka chenga na makapi yajitenge na nafaka. Yakini ni jambo lisilo na shaka. Basi upembuzi yakinifu ni kuuchambua mpango kabla ya kuutilia pesa, ujue kama utasimama. Wengi hudhani ni mambo ya mabwawa na barabara, lakini hata kituo cha kulelea watoto kumi na tano pale Maweni kinautaka.

Anza na wazazi. Usiwaulize, "Mtaleta watoto?" Kila mtu atakujibu inshallah, nawe utarudi nyumbani na furaha isiyo na msingi. Uliza mtoto anabaki na nani sasa hivi, mama anatoka saa ngapi, analipa nini. Wa zamu ya asubuhi hotelini hutoka alfajiri. Kituo kinachofunguliwa saa mbili hakimfai. Na mshindani wako mkubwa huenda si kituo kingine, bali nyanya wa jirani anayeridhika na kilo ya unga na shukrani.

Kisha hesabu, na hapa ndipo Malindi inapodanganya watu. Tuseme watoto 20, shilingi 100 kwa siku, siku 24: unapata 48,000. Kodi, mishahara, uji na maji vikila 35,000, unacheka. Lakini hiyo ni hesabu ya msimu wa watalii. Masika yakiingia mwezi wa Aprili, baadhi ya wafanyakazi wa hoteli hurudishwa nyumbani, na mama aliye nyumbani hakulipi umlelee mwanawe. Wakibaki watoto 11, mapato ni 26,400, na mwenye nyumba hajui masika. Piga hesabu ya mwezi mbaya kwanza.

Upande wa sheria, Katiba ya 2010 iliweka vituo vya kulelea watoto chini ya serikali za kaunti. Kwa Malindi, ni Kaunti ya Kilifi. Kwa hiyo masharti ya leseni yaulize huko, usitegemee ya rafiki aliyefungua kaunti nyingine. Wapishi nao watahitaji cheti cha kupimwa afya.

Jengo mwonyeshe bwana afya kabla hujalipa kodi ya kwanza. Akikwambia choo hakitoshi na kisima kiko wazi uani, umepoteza asubuhi moja tu.