Kabla hujasema ni kifafa, tazama shingo

Mtu mzima akinijia hapa Kigoma na kadi ya kliniki ya kifafa, namwomba kwanza alegeze mtandio. "Mama, uliwahi kufanyiwa upasuaji wa goita?" Mara nyingi hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nyuma ya tezi ya shingo, ile ambayo ikivimba huitwa goita, kuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele, viitwavyo parathairoidi. Homoni yake huiamuru mifupa itoe kalsiamu, na figo ziizuie isipotee kwenye mkojo na ziamshe vitamini D, inayosaidia mwili kufyonza kalsiamu ya chakula. Goita inapotolewa, vitezi hivi vinaweza kuondolewa nayo au kukosa damu. Kwa wengi hupona baada ya wiki kadhaa. Kwa wengine havirudi tena, na degedege huweza kuanza hata miaka mingi baadaye.

Kalsiamu ikipungua, mishipa ya fahamu hushtuka kwa jambo dogo. Midomo na ncha za vidole huchonyota, misuli hukaza, kisha mtu huanguka.

Mashine ya presha inatosha kunipa dalili. Naifunga mkononi, naijaza kupita namba ya juu ya presha yake, naiacha dakika 3. Kalsiamu ikiwa chini, kiganja hujikunja, vidole hunyooka vikibanana, dole gumba huingia ndani. "Daktari, ndivyo inavyonianza nyumbani!"

Linaloniuma ni hili: dawa za kifafa kama fenitoini, fenobabitoni na kabamazepini huharakisha kuvunjwa kwa vitamini D mwilini. Degedege haikomi, dozi inapandishwa, kalsiamu inazidi kushuka, na majirani wameshaanza kusema ni mapepo.

Akifika katika hali mbaya, tunampa kalsiamu ya mshipa, polepole, huku tukiangalia moyo. Kisha vidonge vya kalsiamu pamoja na vitamini D iliyokwishaamshwa, maana bila ile homoni figo haziiamshi vizuri ile ya kawaida. Magneziamu, madini mengine ya damu, nayo ipimwe. Ikiwa chini, kalsiamu haipandi hata umpe kiasi gani.

Usiache dawa za kifafa kwa uamuzi wako. Kuziacha ghafla ni hatari. Ila kama una kovu shingoni, mwonyeshe daktari, umwombe akupime kalsiamu, albumini (protini ya damu), magneziamu na fosfeti (madini mengine ya damu). Majibu yakitoka, tunza nakala pamoja na kadi yako.