Chunusi za Lithiamu Si Sumu Inayotoka Mwilini

Nimechoka kusikia kwamba chunusi zinazomtoka mtu mzima akiwa kwenye dawa za akili ni sumu ya dawa inayotafuta njia ya kutokea. Juma hili nimeyasikia tena maneno hayo katika kliniki yangu ya ngozi hapa Nairobi, kutoka kwa mgonjwa aliyeambiwa hivyo kwenye kemisti, akaambiwa hivyo hivyo na shangazi yake, kisha akayakuta kwenye video za simu, na kwa kuwa yalikuwa yametoka pande tatu akayachukua kuwa kweli. Alikuwa amekunywa chai ya kusafisha damu kwa siku kadhaa na alikuja kuniomba nimwandikie barua ya kuacha lithiamu, dawa ya baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Uso wake ulikuwa vilevile. Mikono yake ndiyo iliyokuwa ikitetemeka, na hilo lilinitia hofu kuliko vipele vyote alivyokuja navyo.

Lithiamu ni chumvi. Ini haliivunji, na inayotoka kwa jasho ni kidogo mno. Karibu yote hutoka kwa mkojo. Figo huichuja kutoka kwenye damu, kisha hurudisha sehemu kubwa ya ilichokichuja sambamba na sodiamu, kwa kuwa hazizitofautishi vizuri chumvi hizi mbili. Mwili ukipungukiwa maji na sodiamu, figo hujitahidi kuizuia sodiamu isipotee, na lithiamu nayo huzuiwa humo humo. Sasa tazama kinachofanywa na chai hizo. Nyingi zina sanamaki au mimea mingine ya kuharisha au ya kuongeza mkojo. Mnywaji anakwenda haja mara nyingi, anaamini kwamba uchafu unatoka, kumbe kinachotoka ni maji na sodiamu, na kinachobaki ni lithiamu ileile aliyokusudia kuiondoa. Kiwango tunachokitafuta katika damu ni takriban milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita, na kikivuka 1.5 tunazungumzia sumu ya kweli, ile inayoleta mtetemeko mkubwa wa mikono, kutapika, kuyumba, ulimi kuwa mzito na akili kuchanganyikiwa. Mtu mwenye dalili hizo asisubiri siku yake ya kliniki. Apelekwe hospitali sehemu ya dharura na aseme wazi kwamba anatumia lithiamu.

Nasisitiza hili kwa sababu ushauri wa aina hiyo huja kwa sura nyingi, na kila sura huonekana haina madhara. Kuna anayeambiwa aache chumvi kabisa ili ngozi itulie. Kuna anayefunga bila maji, katika Ramadhani au katika mfungo wa kanisa, bila kuzungumza kwanza na daktari wake wa akili, ilhali mazungumzo hayo yakifanyika mapema huwa rahisi. Kuna anayenunua ibuprofeni au diklofenaki kwa sababu vipele vya mgongoni vinauma, na dawa hizo mbili zinajulikana kupandisha lithiamu. Anayetumia lithiamu anahitaji utulivu wa maji na chumvi: anywe maji anapohisi kiu, ale chakula chenye chumvi ya kawaida, asibadilishe mambo hayo ghafla. Kwa maumivu, parasetamoli inatosha.

Kwa nini basi chunusi zinatoka? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba lithiamu hufika kwenye ngozi na kuzichochea chembe nyeupe za damu, zile zinazokimbilia penye uvimbe na kutengeneza usaha, zikusanyike kwenye vishimo vya vinyweleo. Tunajua pia kwamba lithiamu hupandisha idadi ya chembe hizo katika damu. Maelezo haya yananiridhisha nusu. Hayasemi kwa nini watu wawili wenye kiwango kilekile cha dawa, mmoja ngozi yake inabaki laini na mwingine anajaa vipele hadi mapajani, wala kwa nini kwa wengine vipele huanza baada ya wiki chache na kwa wengine baada ya miezi mingi. Kuhusu kupunguza dozi ya lithiamu, vitabu huandika kwamba huenda kukasaidia. Nimeona kukisaidia na nimeona kusipobadilisha lolote, kwa hiyo simwahidi mgonjwa yeyote.

Sura ya chunusi hizi huelezwa vitabuni kwa uhakika mkubwa: vipele vinavyofanana, vyote kama vya umri mmoja, vingine na usaha, vichwa vyeusi vichache au hakuna, na vinashambulia mahali ambapo chunusi za ujanani hazifiki kwa kawaida, yaani mikono, mapaja na makalio, mbali na kutokea pia usoni, kifuani na mgongoni. Maelezo ni sahihi. Tatizo la kwanza ni kwamba picha nyingi zilizofundishia madaktari ni za ngozi nyeupe, ambako uvimbe huonekana mwekundu. Kwenye ngozi zetu uvimbe huohuo ni wa kahawia iliyokolea au zambarau, na mara nyingi huchukuliwa kuwa doa la zamani. Mgonjwa anaambiwa kwamba ugonjwa umeshapoa, zimebaki alama tu, wakati ukigusa kwa kidole unahisi kipele kigumu chenye joto. Mguse mgonjwa. Hili silisemi kwa wasomaji wa kawaida peke yao.

Tatizo la pili ni kwamba hapa Nairobi ni nadra kumpata mtu ambaye ngozi yake imekutana na lithiamu peke yake, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi kliniki. Kipele cha kwanza kikitoka, mtu hawazii daktari, anawazia krimu. Anauziwa krimu ya kuchanganywa kwenye kikopo kisicho na maandishi, au mrija wa dawa ya ngozi yenye steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, kama klobetasoli, na katika siku za mwanzo uso unatulia na kung'aa hadi marafiki wanauliza siri ni nini. Baada ya wiki kadhaa vipele vinarudi kwa wingi, na akijaribu kuacha krimu vinalipuka zaidi. Chunusi za steroidi nazo hufanana zote kwa umri, nazo zina vichwa vyeusi vichache, kwa hiyo anapofika kwangu ana magonjwa mawili yenye sura moja, na lawama yote imebebeshwa vidonge vya akili. Watu huona haya kutaja krimu, kwa sababu wanadhani nitawaambia wanajichubua. Sitamgombeza mtu. Naomba tu aje na kila anachopaka, pamoja na mafuta ya nywele, maana mafuta mazito yanayoteremka kwenye paji la uso huziba vishimo vya vinyweleo, na hayo hayahusiani na lithiamu.

Kuna na fangasi wa aina ya hamira, anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu, ambaye akizidi kwenye vishimo vya vinyweleo huleta vipele vidogo vinavyofanana, paji la uso, kifuani na mgongoni. Dalili yake kubwa ni mwasho. Mtu huyu akipewa antibiotiki hapati nafuu, mara nyingine huzidi, kisha anahitimisha kwamba sumu ya dawa zake za akili imekuwa sugu. Anahitaji ketokonazoli, dawa ya fangasi. Nakiri kwamba hata baada ya kuuliza yote haya, wapo wagonjwa ambao siwezi kuapa kama chunusi zao ni za lithiamu, za steroidi au ni chunusi zao za kawaida zilizochelewa, na huwa nawaambia hivyo kabla ya kuanza matibabu.

Dawa nyingine za akili nitazipitia haraka. Risperidoni na haloperidoli hupandisha homoni ya prolaktini, na kwa wanawake wengine hilo huvuruga hedhi na kuleta chunusi za taya na kidevu. Valproeti inahusishwa na matatizo ya ovari na homoni za kiume kupanda. Fenitoini, ambayo ni ya kifafa, na isoniazidi ya kifua kikuu nazo zinajulikana kuleta vipele, kwa hiyo mtaje daktari dawa zako zote, hata zile unazodhani hazimhusu.

Sasa nije kwenye ombi la barua. Lithiamu imetumiwa kutibu mania, yaani msisimko wa akili uliopita kiasi, tangu daktari wa Australia, John Cade, alipochapisha matokeo yake mwaka 1949, na hadi leo ni miongoni mwa dawa chache sana ambazo ushahidi unaonyesha zinapunguza vifo vya kujiua kwa watu wenye baipola. Ikiachwa ghafla, uwezekano wa mania kurudi huwa mkubwa katika miezi ya mwanzo, na hatari ya kujiua nayo hupanda. Aliyeacha hapati hata zawadi ya uso safi mara moja, kwa sababu uvimbe wa ngozi huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi, kutulia baada ya dawa kuisha mwilini. Ndiyo maana siandiki barua hizo. Lakini vilevile simwambii mtu avumilie kwa kuwa ni urembo tu, kama wanavyoambiwa na baadhi ya wenzangu. Mtu aliyepambana na sonona, akarudi kazini, kisha akaanza kukwepa watu kwa sababu ya uso wake, ana tatizo la kitabibu, na aibu hiyo ndiyo inayomfanya atupe vidonge kimyakimya. Kutibu ngozi yake ni sehemu ya kumfanya aendelee na lithiamu.

Na chunusi hizi zinatibika mtu akiwa bado anameza lithiamu yake. Naanza na adapaleni, dawa ya kupaka ya chunusi, usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, kwa kuwa tunatibu eneo lote na si kipele kimoja kimoja, pamoja na benzoili peroksaidi, nayo ya kupaka, asubuhi, nikimwonya mgonjwa kwamba hiyo ya pili hutoa rangi kwenye taulo na nguo. Ngozi itakauka wiki za mwanzo. Apake losheni nyepesi, na kama inamwasha apake adapaleni usiku mmoja aruke mwingine. Tunahukumu baada ya wiki 12, si baada ya siku kumi. Vipele vikiwa vingi mwilini naongeza doksisaiklini, antibiotiki ya kumeza, kwa muda usiozidi miezi mitatu. Hapa kuna shaka ambayo vijitabu vingi huiruka: zipo taarifa za wagonjwa mmoja mmoja ambao lithiamu yao ilipanda walipopewa dawa za jamii hiyo, na uchunguzi mwingine haukuona mabadiliko. Mimi hupima lithiamu kabla, kisha hurudia baada ya wiki moja hivi, damu ikichukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Spironolaktoni, kidonge kinachozuia homoni za kiume, ambayo inawasaidia wanawake wengi wenye chunusi za kawaida, siwapi walio kwenye lithiamu bila makubaliano na daktari wao wa akili, kwa sababu inaweza kuipandisha.

Isotretinoini, dawa ya kumeza ya chunusi kali, ndiyo inayozua ubishi. Inaharibu mimba vibaya, kwa hiyo mwanamke anahitaji uzazi wa mpango wa uhakika mwezi mmoja kabla, muda wote wa matibabu na mwezi mmoja baadaye. Haipewi pamoja na doksisaiklini, kwa kuwa zikichangamana zinaweza kuongeza shinikizo ndani ya fuvu. Hupandisha mafuta ya damu, na wagonjwa wanaotumia dawa za akili kama olanzapini au kwetiapini mafuta yao huenda tayari yako juu. Kuhusu sonona, onyo limo kwenye maelezo ya dawa ingawa tafiti kubwa hazijaona hatari ikipanda kwa wastani. Hata hivyo wastani wa maelfu ya watu haunitoshi ninapokaa na mtu mmoja aliyewahi kulazwa kwa jaribio la kujiua. Nimewapa baadhi yao, kwa dozi ndogo, daktari wa akili akijua, na mtu wa nyumbani akikubali kunipigia simu akiona usingizi au hali ya moyo inabadilika. Wengine nimewanyima, na sina hakika kwamba kila mara nilichora mstari mahali pake.

Madoa meusi yanayobaki yanawaumiza watu wetu kuliko vipele vyenyewe. Hayaondolewi kwa kusugua, kusugua kunayakoleza. Asidi ya azelaiki, dawa ya kupaka, inasaidia, adapaleni nayo inasaidia, na krimu ya kuzuia jua inahitajika hata kwenye ngozi nyeusi na hata Julai wakati jiji limefunikwa na mawingu. Hesabu miezi.

Ikiwa tumefanya yote haya ipasavyo na ngozi bado imechafuka kiasi cha kumfungia mtu nyumbani, kubadilisha dawa ni jambo halali kabisa kulijadili, na uamuzi ni wa mgonjwa na daktari wake wa akili. Hapo ndipo ninapoandika barua: naeleza nilichotumia na kwa muda gani, viwango vya lithiamu vilivyopimwa, namna chunusi zinavyoyaathiri maisha yake, na naomba kama dawa itabadilishwa, ya zamani ipunguzwe polepole. Mgonjwa hupata nakala yake, na hadi atakapoonwa anaendelea kumeza vidonge vyake kama kawaida.