Dakika 4 za Tabata hazimalizi kitambi, na nyingi wala si Tabata

Swali ni lile lile, linabadilisha nguo tu: "Kocha, nikipiga Tabata dakika 4 kila asubuhi, kitambi kitaisha lini?" Tabata ni mazoezi makali ya raundi fupi, sekunde 20 kazi na sekunde 10 mapumziko. Safari hii swali limekuja na video. Dada yuko sebuleni anarukaruka na kupiga makofi juu ya kichwa, chini pameandikwa kwamba dakika zake 4 ni sawa na saa nzima ya kukimbia na kwamba mafuta yataendelea kuungua kwa saa 24. Yuko raundi ya saba, na anatabasamu.

Mtu anayetabasamu raundi ya saba hayuko kwenye Tabata. Yuko kwenye mazoezi mepesi yenye saa inayolia kila baada ya sekunde 20. Si vibaya, mwili unachangamka, lakini tusiyape jina la watu.

Ratiba yenyewe inatoka Japani. Izumi Tabata ndiye aliyeipima, ila hakuibuni. Ilikuwa ya Irisawa Koichi, kocha wa timu ya taifa ya mbio za kuteleza kwenye barafu. Tabata aliiingiza maabara, na matokeo yakachapishwa mwaka 1996. Sekunde 20 kazi, sekunde 10 mapumziko, raundi 7 hadi 8. Mpaka hapo kila mtu anajua, na hapo ndipo wengi wanapofunga kitabu.

Kazi ya zile sekunde 20 ilikuwa asilimia 170 ya VO2max, yaani kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia. Huo ni mzigo ambao ukiupiga mfululizo bila kupumzika unakuangusha kwenye sekunde ya 50 hivi. Ilifanywa juu ya baiskeli ya maabara, mizunguko 90 kwa dakika. Miguu ikishindwa kushikilia mizunguko 85, zoezi limeisha, hakuna cha "jikaze kaka, bado mbili". Na aliyefikia hatua ya kupita raundi 9 aliongezewa mzigo. Yaani ratiba ilipangwa ili ushindwe kwenye raundi ya saba au ya nane. Kushindwa ndiyo dawa yenyewe. Ukimaliza nane na bado unaweza kushika simu ujirekodi, mzigo ulikuwa mdogo.

Sasa niambie, kuchuchumaa na kuinuka bila uzito kunakufikishaje huko? Kwa aliye mgeni kabisa, labda. Kwa mtu mwenye miezi mitatu ya tizi, haiwezekani: mapaja yatawaka, lakini mapafu na moyo bado vina nafasi. Hata madarasa ya watu 30 na spika kubwa sina imani nayo kwa hili, maana hakuna anayepima mzigo wa mtu mmoja mmoja. Kinachopimwa pale ni muziki.

Kuna mambo mengine ambayo video hazisemi. Utafiti ulikuwa na makundi mawili, moja la vipindi hivi vikali na jingine la saa nzima ya baiskeli ya wastani, na kila kundi lilikuwa na vijana 7 wa kiume, wanafunzi wa elimu ya viungo, watu waliokuwa tayari wanacheza. Kundi la vipindi, kabla ya zile dakika 4, walipasha mwili dakika 10. Katika siku tano za wiki, siku moja walipiga baiskeli dakika 30 kwa asilimia 70 ya VO2max, kisha raundi 4 tu. Kwa hiyo "dakika 4 kwa siku" haikuwahi kuwapo hata kwenye utafiti wenyewe. Baada ya wiki 6 VO2max yao ilipanda kutoka kama 48 hadi 55. Wenzao wa saa nzima ya baiskeli ya wastani walipanda kutoka 53 hadi 58. Watu wanashika 7 kwa 5 na kupiga vigelegele, wanasahau kwamba aliyeanzia chini ana nafasi kubwa zaidi ya kupanda. Kwangu mimi lililo kubwa pale ni jingine: uwezo wa kufanya kazi bila oksijeni uliongezeka asilimia 28 kwa kundi la vipindi, na kundi la saa nzima halikuongeza kitu.

Mafuta ya mwili je? Utafiti ule haukuwa wa mafuta. Walikuwa wanatafuta pumzi.

Tupige hesabu, maana kitambi ni hesabu. Mtu wa kilo 70 akikaza kweli anatumia kama kalori 15 kwa dakika. Dakika 4 ni kalori 60. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120. Chai ya vijiko vitatu vya sukari, vya kusawazishwa na si vile vyetu vyenye kichuguu, ni karibu 50. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, kwa hiyo siku 128 bila kukosa hata moja, na bila kuongeza hata andazi. Nakiri kalori hizi zinakadiriwa kwa oksijeni mtu anayotumia, na kazi ya bila oksijeni inaongeza kitu juu yake. Haya, zidisha mara mbili. Bado ni miezi miwili kwa kilo moja.

Na ule "moto" wa saa 24? Upo. Mwili ukisimama una deni la kulipa, na malipo yake ni kama asilimia 6 hadi 15 ya nguvu uliyotumia kwenye zoezi. Kipindi cha kalori 300 kinakupa nyongeza ya 18 hadi 45. Robo ya andazi.

Jasho nalipita haraka: ni maji. Ukijifunga nailoni tumboni unapoteza maji, unayanywa, yamerudi. Mafuta yakishatumika sehemu kubwa hutoka kama hewa ya kaboni, kwa njia ya pumzi. Yanatokea puani, wala hayapiti kwenye fulana.

Ukilinganisha vipindi vikali na mazoezi ya wastani kwa nguvu ile ile iliyotumika, mafuta yanapungua karibu sawa. Kinachonisumbua ni saa 23 zilizobaki. Kuna mtu akikamuliwa asubuhi njaa inakatika. Mwingine anamaliza sufuria. Kuna anayekaa kutwa nzima na kuchukua boda kwa safari ya dakika 5, na ile saa ya mkononi haimwambii kwamba amerudisha alichochoma. Siwezi kukutabiria wewe uko kundi gani. Utalijua tumboni mwako baada ya wiki tatu.

Kwa hiyo vipindi vikali ni vya pumzi, na kwa pumzi havina mpinzani wa karibu. Hivi ndivyo ninavyovipanga kwa mtu wa kawaida.

Tafuta kilima cha mwinuko wa wastani. Kilima ni bora kuliko tambarare kwa sababu kinakubana pumzi kabla hujafika kasi ya kuchana misuli ya nyuma ya paja. Siku mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa kwa mfano, zisifuatane. Pasha mwili dakika 10: tembea haraka 5, kimbia polepole 3, malizia na mipando miwili ya nusu kasi. Kisha panda sekunde 30 kwa nguvu, weka jiwe ulipofika, shuka ukitembea, jumla ya mapumziko dakika 2. Raundi 6. Jiwe ndilo baiskeli yako ya maabara. Kama raundi ya kwanza ulifika hatua 60, raundi utakayoshindwa kufika 54 umemaliza, hata kama ni raundi ya nne. Wengi wanaharibu kwa kuipiga ya kwanza kama wanafukuzwa na mbwa, halafu tano zilizobaki wanajikokota. Raundi ya kwanza na ya mwisho zikiachana kwa hatua 20, ulichofanya ni mbio moja na matembezi matano.

Ukimaliza usiketi. Damu imejaa miguuni, ukisimama ghafla kichwa kinazunguka. Tembea dakika 5.

Baada ya wiki nne, siku moja kati ya hizo mbili iwe ya 4 kwa 4, ratiba iliyojulikana kupitia watafiti wa Trondheim, Norway: dakika 4 kwa asilimia 85 hadi 95 ya mapigo ya juu ya moyo, dakika 3 za kukimbia taratibu, mara nne. Hapo utaniuliza kuhusu 220 kutoa umri. Siiamini kwa mtu mmoja mmoja. Inaweza kukosea mapigo 10 na zaidi kila upande. Wa miaka 40 anaambiwa 180, kumbe yake ni 168, na anajiua bure. Tumia mdomo: dakika ya tatu uweze kusema maneno mawili matatu, sentensi nzima isitoke.

Joto la Dar au Mombasa lisidharauliwe. Unyevu ukiwa juu jasho halikauki, na mapigo yanapanda kwa kasi ile ile ya jana. Piga alfajiri. Mwenye presha isiyotulia, maumivu ya kifua, seli mundu au mimba aanze kwa daktari, asianze kwangu.

Tumbo lipime kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya chai, kila wiki mbili. Siku zisizo za kilima tembea dakika 45. Kwa yule wa kilo 70 ni karibu kalori 200, zaidi ya mara tatu ya zile dakika 4, na hapo ndipo unaruhusiwa kutabasamu.