Gitaa Lililoshushwa Tyuni: Tunayoambiana na Yaliyo Kweli

Mwezi wa saba, asubuhi ya baridi kali hapa Uyole, Mbeya, kijana aliniletea gitaa lake la umeme. "Shikamoo fundi. Limeharibika, linakoroma." Nyuzi zilikuwa seti ya namba 9 (namba ni ya unene), nyembamba mno, naye alikuwa ameshusha tyuni ya gitaa zima, yaani amelegeza nyuzi zote, kutoka noti ya E hadi C. Nikapiga uzi wa sita, ule mnene kuliko yote. Ukapwaya, ukagonga freti, vile vyuma vya shingoni, kama kamba ya nguo kwenye upepo. Gitaa lilikuwa zima kabisa.

Dhana aliyokuja nayo inawaponza wengi: kwamba kushusha tyuni ni kuzungusha vitufe vya kukazia nyuzi tu. Uzi wa sita katika E hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde, na katika C mara 65. Mkazo wa uzi hufuata kipeo cha pili cha mtetemo huo, kwa hiyo ukishusha toni mbili unapoteza zaidi ya thuluthi ya mkazo. Dawa yake ni nyuzi nene, seti ya 12 hadi 54 hivi. Nazo zina kazi yake: vijia vya nyuzi pale karibu na kichwa vipanuliwe, shingo ikaguliwe isipinde, na daraja, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa, lirekebishwe, la sivyo kodi (noti zinazopigwa pamoja) zitakuwa safi karibu na kichwa halafu zipotoke ukifika freti ya 12. Tulimaliza saa nane mchana. Alipopiga kodi ya kwanza, kioo cha dirisha kilitetemeka.

Wengine husema roki haiwi nzito bila kushusha. Lakini albamu ya kwanza ya Black Sabbath, bendi ya roki ya Uingereza, ya 1970, ilipigwa kwa tyuni ya kawaida, na uzito wake mnausikia. Kushuka toni moja na nusu kulikuja 1971, katika albamu ya tatu. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani Birmingham, na nyuzi zilizolegea zilikuwa rahisi kwake kubonyeza.

Makanisani kwetu nasikia eti tyuni iliyoshushwa ni ya kishetani. Hili linaniuma. Wapiga gitaa wengi wa kwaya hushusha nusu toni ili waimbaji wasikwame kwenye noti za juu, na wa muziki wa klasiki hushusha uzi wa sita hadi D katika vipande vingi. Ni namna ya kufunga nyuzi, basi.

Na distoshen, ule mkwaruzo wa sauti ya gitaa la umeme: ukishuka, ipunguze. Noti za chini zikijazwa distoshen nyingi zinakuwa uji.

Tena tunaambiana kuwa baridi ya Mbeya hulegeza nyuzi. Ni kinyume: chuma kikipoa husinyaa, kwa hiyo gitaa likipanda kutoka joto la Kyela, nyuzi hukaza na sauti hupanda. Yule kijana alikuwa na shoo jioni ileile. Nilimwambia afike mapema, alitoe gitaa kwenye begi, aliache ukumbini nusu saa, ndipo aguse vitufe.